Mkeka wa kitambaa wa michezo ya mezani: wa kuviringisha, wa kukunja au wa mfuko?

Wengi wanaotaka kushona mkeka wa kuchezea huanza na rangi ya kitambaa. Rangi ni swali la mwisho. La kwanza ni kitu gani kitakaa juu yake: karata, dadu, kete fupi za drafti, kete ndefu za sataranji au vipande vya dhumna. La pili ni utasafiri vipi: mkononi, kwenye begi la mgongoni, au ndani ya boksi la mchezo wenyewe. Ukishajibu hayo mawili, umbo linakuwa limeshajichagua, na umbo ndilo linaloamua kitambaa.

Maumbo yanayofaa kushonwa nyumbani ni matatu. La kwanza ni mstatili wa tabaka mbili unaoviringishwa na kufungwa kwa utepe. La pili ni mkeka wenye mikunjo iliyopangwa, unaofungika kama kitabu. La tatu ni duara lenye kamba ukingoni: ukivuta kamba linakuwa mfuko, na kete zote zimo ndani.

| | Kuviringisha | Kukunja | Mfuko |
|---|---|---|---|
| Unafaa zaidi | karata, dadu | drafti, sataranji, ludo | kete ndogo nyingi |
| Uso wa kuchezea | tambarare kabisa | tambarare, isipokuwa kwenye mkunjo | una makunyanzi |
| Ukifungwa | mrefu, mwembamba | bapa | kama mpira |
| Unabeba kete | hapana | ukiongeza mfuko wa zipu | ndiyo |
| Bila cherehani | inawezekana | kazi ngumu sana | inawezekana, polepole |

Anayeshona kwa mara ya kwanza huvutiwa na wa mfuko, kwa sababu unaonekana wa kijanja. Ndio wenye uso mbaya kuliko yote mitatu kwa kuchezea. Una nafasi yake, lakini usiuchague kwa sababu ya ile raha ya kuvuta kamba.

Wa kuviringisha

Kwa mchezaji mmoja wa karata, sm 60 kwa 35 zinatosha. Karata ya kawaida ina upana wa mm 63 na urefu wa mm 88, kwa hiyo karata nane hukaa safu moja zikiachana sm 1, na safu tatu huingia bila kubanana. Ukitaka mkeka wa meza nzima kumbuka kwamba upande mmoja haupungui hata ukiviringisha vipi: mkeka wa sm 90 kwa 90 utakuwa fimbo ya sm 90. Hapo ndipo mikeka mingi ya aina hii inaposhindwa. Imeshonwa vizuri, lakini haiingii kwenye begi.

Kwa uso, felti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa bila kufumwa) ya poliesta ya mm 2 au 3 ndiyo chaguo la kwanza. Inabonyea kidogo, hivyo ukucha unapata pa kuingia chini ya karata, na dadu hairuki wala haipigi kelele. Ukingo wake hautoi nyuzi. Ubaya wake ni kwamba hutoa vinundu baada ya muda na huyeyuka chini ya pasi kali, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba kati ya pasi na felti na utumie moto mdogo. Felti ya sufu ni nzuri zaidi mkononi, lakini maji ya moto huikunja na kuikaza, na nondo huipenda.

Nyuma weka pamba nyepesi, si jinzi. Sababu ni hesabu tu: tabaka mbili zilizoshonwa pamoja haziviringiki sawasawa, kwa kuwa la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Tabaka hizo zikiachana mm 2, kila mzunguko la nje linadai kama mm 12 zaidi. Zikitoka wapi? La ndani linajikunja makunyanzi, na makunyanzi hayo hubaki hata ukiutandaza. Kitambaa chembamba nyuma hupunguza tofauti hiyo, na felti, kwa kuwa inavutika, ikae upande wa nje unapoviringisha. Kuna faida nyingine hapo: mkeka ulioviringishwa uso ukiwa nje ukitandazwa hubana kingo zake mezani. Ulioviringishwa uso ndani huinua kingo, na karata za pembeni huteleza kuelekea katikati.

Fua pamba kabla ya kukata. Kitambaa cha pamba kisichofuliwa kinaweza kupungua hata asilimia 5 kwenye maji ya kwanza, na felti ya poliesta haipungui, kwa hiyo mkeka utajikunja kama jani kavu.

Ukingo ufunge kwa utepe wa pamba uliokatwa upana wa sm 6. Kwa mkeka wa sm 60 kwa 35, unahitaji urefu wa sm 215: mzunguko ni 190, na 25 ni za kona na kuunganisha ncha. Kunja utepe katikati kwa urefu upate sm 3, shona kingo zake mbichi upande wa uso, mm 8 kutoka ukingoni, kisha uuzungushe nyuma na umalizie. Wengi hukata utepe wa sm 5 kwa sababu unatosha kwenye vitambaa vyembamba. Hapa hautoshi: unene wa felti na bitana unakula karibu mm 4, na utepe haufiki kufunika mshono wa kwanza. Kingo zilizonyooka hazihitaji utepe wa mshazari. Wa kukata wima unatosha na haupotezi kitambaa.

Kabla ya kufunga ukingo, shikiza utepe wa kufungia wa sm 60, uliokunjwa katikati, nusu ya upande mfupi. Mkeka wa unene wa mm 4 na urefu wa sm 60 ungetoa bomba la sm 5.5 kama ungeviringishwa bila hewa hata kidogo. Kwa mikono ya kawaida hesabu sm 7.

Huu ndio mkeka pekee kati ya hii mitatu ambao mtu asiye na cherehani anaweza kuutengeneza jioni moja. Badala ya utepe, shona ukingo kwa mshono wa blanketi (wa mkono, unaozungushia uzi ukingoni), uzi mnene, hatua za mm 6.

Unaweza pia kuupa kona za kubonyeza ziwe sinia la dadu. Weka kifungo cha kubonyeza sm 4 kutoka kwenye kona, kimoja kila upande, kwenye kona zote nne. Ukibana jozi, kuta husimama sm 4. Mkeka mdogo wa sm 30 kwa 30 hutoa sakafu ya sm 22, inayotosha kurushia dadu. Kuta zikianguka, tatizo si vifungo. Hakuna kitambaa cha kukaza katikati, na felti peke yake haisimami. Ila ukishaweka cha kukaza, mkeka huo haupendi tena kuviringishwa. Ubebe ukiwa bapa.

Wa kukunja

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu mkeka wa kukunja kwa kawaida ni ubao wa mchezo wenyewe, na ubao una miraba. Kete ndefu zinataka uso mgumu. Sataranji juu ya felti ya mm 3 yenye sponji chini yake ni mchezo wa kuokota kete zilizoanguka. Tumia jinzi au pamba nzito kwa uso, na kitambaa cha kukaza kola, kile kinachoshikana kwa pasi, kwa ndani.

Miraba ya drafti au sataranji isishonwe mmoja mmoja. Kwa miraba ya sm 5, kata vipande virefu vinane, vinne vyeupe na vinne vyeusi, kila kimoja upana wa sm 6.5 na urefu wa sm 55. Hizo 1.5 za ziada ni nafasi ya mshono, mm 7.5 kila upande. Viunganishe kwa kupishanisha rangi, piga pasi, kisha kata kuvuka upate vipande vinane vipya vya sm 6.5. Geuza kila cha pili kichwa chini na uviunganishe tena. Umepata miraba 64 kwa mishono mirefu 14.

Kinachoharibika hapa ni usahihi. Ukikosea mm 1 kila mshono, mishono saba inakupa mm 7, na miraba ya mwisho haikutani na wenzake. Baada ya kushona vipande viwili vya kwanza, pima: viwe sm 11.5 kutoka ukingo hadi ukingo, si 11.4 wala 11.6. Rekebisha hapo hapo. Nafasi za mshono zilaze zote upande wa rangi nyeusi. Kwa njia hiyo, safu mbili zikikutana, nafasi za juu na za chini hulala pande tofauti, hujifunga zenyewe na kona hukutana bila pini nyingi. Mshono wa nne tu, ule wa katikati utakaokuwa mkunjo, ndio nafasi zake zilazwe moja kila upande, la sivyo ubao utakuwa na tuta katikati na kete zilizo juu yake zitayumba.

Usipotaka kuunganisha vipande, paka rangi ya kitambaa kwa kubandika utepe wa karatasi. Uso unabaki tambarare zaidi, na hilo ni jambo kubwa kwa drafti ambako kete husukumwa. Lakini rangi hupasuka kwenye mkunjo baada ya muda, mshono haupasuki. Kwa ubao utakaokunjwa kila siku, shona.

Mkunjo lazima upite kwenye mstari, si katikati ya mraba. Ubao wa miraba minane hukunjika nne kwa nne bila shida. Ludo ina miraba 15 kila upande, na hapo wengi hukunja nusu na kukata mraba wa nane katikati. Kunja kwenye mstari wa 6 na wa 9. Miraba ya sm 3 itakupa mbavu mbili za sm 18 na kati yake uti wa sm 9, na uti huo ndio pa kulaza kijiboksi cha kete na dadu. Umbo la ludo lenyewe, nyumba mbili zikitenganishwa na njia ya katikati, linakuonyesha pa kukunja.

Kitambaa cha kukaza kisipite chini ya mkunjo. Kata vipande tofauti kwa kila ubavu, uache pengo la mara mbili ya unene wa mkeka: ukiwa mm 3, acha mm 6. Ukipitisha kipande kimoja, mkunjo hauwezi kulala, na baada ya wiki chache gundi yake inaachia na kutengeneza mapovu. Kadibodi usiitumie kabisa. Maji yakimwagika imekwisha. Wanaotaka ugumu zaidi huweka shiti nyembamba ya plastiki, ile ya jalada la faili, kwenye mfuko wa ndani wenye mlango nyuma ili itolewe wakati wa kufua.

Ubao wa sm 40 wenye pambizo la sm 5 kila upande ni sm 50 kwa 50. Ukunje mara moja, ni 50 kwa 25. Mara mbili, 25 kwa 25 na unene wa kama sm 1.5. Pambizo usilipunguze ili kuokoa nafasi, kwa sababu kete zilizoliwa zinahitaji pa kukaa.

Wa mfuko

Faida yake ni moja na ni kubwa: mchezo ukiisha unavuta kamba, na hakuna kete inayobaki chini ya kiti. Kwa mchezo wenye vipande 60 au 100 vidogo, hakuna mkeka mwingine unaoukaribia.

Anza na hesabu ya nafasi, maana duara hudanganya macho. Ubao wa sm 40 una mshazari wa sm 56.6, na ukingo wenye kamba unakula sm 3 kila upande. Duara la sm 60 halitoshi; unahitaji angalau sm 64. Duara la sm 60 linafaa kwa dadu na kete zisizo na ubao.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupinda ukingo wa duara kama vile unapinda pindo la sketi. Kwenye duara la nusu kipenyo sm 30, ukipinda sm 2, ukingo wenye urefu wa sm 188 unalazimika kulala mahali penye sm 163. Sm 25 za ziada haziendi popote. Zinakuwa makunyanzi, na kamba hukwama ndani yake. Dawa ni kushona maduara mawili na kuyageuza:

1. Kunja kitambaa nusu mara mbili kiwe tabaka nne, pima sm 31 kutoka kona ya mkunjo kwa uzi na chaki, ukate. Fanya hivyo kwa kitambaa cha uso na cha nyuma.
2. Kwenye duara la nyuma gandisha kipande cha kukaza cha sm 4 kwa 4, kisha shona matundu mawili ya kifungo yaliyoachana sm 2. Kila tundu lianze sm 2.2 na liishie sm 3.4 kutoka ukingo uliokatwa, likielekea katikati ya duara.
3. Laza maduara uso kwa uso, shona pembeni ukiacha nafasi ya sm 1, na acha mlango wa sm 12 mbali na matundu.
4. Kata vipembe vidogo kwenye nafasi ya mshono kila baada ya sm 2 au 3, ukiishia mm 2 kabla ya mshono. Usipokata, ukingo utakuwa na pembe pembe badala ya mviringo.
5. Geuza, piga pasi, kunja mlango kwa ndani, kisha shona miviringo miwili: mmoja sm 1 kutoka ukingoni, wa pili sm 2.5. Kamba hupita kati yake, na mviringo wa kwanza unafunga mlango kama kunjo lake ni la sm 1. Kama ni fupi zaidi, ufunge kwa mkono kwanza.
6. Pitisha kamba ya nailoni ya mm 4 au 5, urefu wa sm 210, kwa kutumia pini kubwa.

Kwa duara la zaidi ya sm 60, tumia kamba mbili zinazotoka pande zinazotazamana, kila moja ikizunguka duara zima. Kamba moja kwenye duara kubwa huvuta upande wake tu, na mfuko hufunga ukiwa umepinda.

Unene ndio unaoua mikeka hii. Ukivuta kamba, kama sm 180 za kitambaa zinakusanyika mahali pamoja. Tabaka mbili zenye unene wa jumla wa mm 1 hutoa shingo ya kama sm 5. Felti na jinzi, mm 3.5 kwa pamoja, hutoa shingo ya sm 9, ambayo haikazi, na dadu hutokea katikati. Pamba ya kawaida kwa nyuma na mahameli nyembamba kwa uso ndiyo mchanganyiko unaofanya kazi. Makunyanzi utayapata, lakini kitambaa chenye poliesta kiasi hukumbuka mikunjo kidogo kuliko pamba tupu.

Vitambaa, kwa haraka

Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Karata huteleza kwa upande huo na kugoma kwa upande wa pili, jambo linalowaudhi wachezaji wa karata lakini haliwahusu wa dadu. Ipige pasi kwa nyuma tu. Wakati wa kushona tabaka mbili, ya juu hujisogeza mbele. Bandika kwa mshono mrefu wa mkono kwanza, kwa kuwa pini hazitoshi.

Jinzi ndiyo bora kwa dhumna. Vipande vinachanganywa kwa kuzungushwa kifudifudi, na felti huvishika wakati jinzi inaviacha viteleze. Ifue mara mbili kabla ya kuiweka karibu na kitambaa cheupe, kwani rangi yake hutoka. Kwenye kona zenye tabaka nyingi tumia sindano namba 16 na mshono wa mm 3 hadi 3.5; sindano namba 11 itaruka mishono au kuvunjika. Kama mguu wa cherehani unainama kwenye tuta na kugoma kusonga, weka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma yake ili ukae sawa.

Neoprini ya mm 2 au 3, ile ya vitanga vya kipanya cha kompyuta, haitelezi mezani na haihitaji bitana. Inafaa kwa kuviringisha tu. Haipigwi pasi, na matundu ya sindano hayazibiki, kwa hiyo mshono uliofumuliwa huacha alama.

Felti na pamba huteleza kwenye meza laini. Ongeza nyuma kitambaa chenye vidoti vya mpira, au shona wavu wa mpira wa kuzuia vitu kuteleza kwenye kona nne pekee. Vidoti hivyo pia visiguswe na pasi.

Ukisita kati ya miwili

Karata pekee: kuviringisha, felti ya poliesta, hata kama cherehani ipo. Drafti au sataranji: kukunja. Anayecheza karata na pia drafti au sataranji ashone ubao wa kukunja wa jinzi upande mmoja na felti ya mm 1 upande wa pili. Felti nene zaidi ya hapo itazuia mkunjo. Dadu nyingi na kete ndogo: mfuko, au sinia la kona za kubonyeza kama hakuna cha kubeba. Bao lenye mashimo liache kwenye mbao; kete zake kwenye kitambaa tambarare hazina pa kutulia.

Kabla ya kukata kitambaa, kata gazeti kwa vipimo kamili. Panga mchezo wote juu yake, pamoja na kete za akiba na mahali pa kuwekea karata zilizochezwa. Ubao wa kukunja ukunje kwenye mistari ileile, duara likusanye kwa uzi, kisha vitie kwenye begi litakalotumika na ulifunge. Mara nyingi ni hapa inapogundulika kwamba sm 50 zinapaswa kuwa 46, na kupunguza mraba kutoka sm 5 hadi 4.5 ni kazi ya penseli. Ukibadilisha mraba, badilisha na upana wa vipande: 4.5 na 1.5 ni sm 6.